Kipimo Kimoja kwa Vitabu Viwili

Vikao vya kukutanisha dini nimevihudhuria vingi, na vingi havikunipa kitu. Nabii Ibrahimu anatajwa kuwa baba wa wote, shehe anasoma aya ya amani, rabi anasoma mstari wa amani, watu wanapeana mikono, picha inapigwa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali ambalo jibu lake hakulijua tangu nyumbani. Adabu ni jambo jema wala siidharau. Lakini elimu za dini hizi mbili zimejengwa kwa hoja, kwa kupingana, kwa mwanafunzi kumbana mwalimu wake mpaka atoe dalili. Ukiwakutanisha warithi wa elimu hizo halafu ukawakataza kubishana, umewanyang'anya kile hasa wanachokiweza.

Mimi nimejifunza mahali padogo zaidi: meza ya maktaba, maandiko mawili yaliyochapwa kwenye karatasi, na watu wachache, Wayahudi na Waislamu, wanaume na wanawake, waliokubali kurudi tena na tena kwa miaka. Mimi nimesomeshwa fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, kwa madhehebu ya Imamu Shafi. Mwenzangu wa meza ni rabi mwenye umri wa kunizaa, aliyeanza Talmudi, kitabu kikuu cha sheria na mijadala ya marabi, akiwa mtoto. Yeye ananiita ustadhi, mimi namwita rabi, na kuitana huko hakujawahi kutuzuia kukatalia mbali jambo.

Namna ya kusoma tumeichanganya. Katika yeshiva, vyuo vya Kiyahudi vya kusomea Talmudi, wanafunzi hukaa wawili wawili, wakasoma kwa sauti na kuvutana juu ya kila sentensi. Utaratibu huo wanauita havruta. Sisi tumezoea duara, shehe mbele, mwanafunzi akisoma matini na shehe akifasiri. Basi kwetu ni wawili wawili kwanza, kisha duara. Kulikuwa na mfano tayari: katikati ya miaka ya 1990 Peter Ochs, mwanazuoni wa Kiyahudi, pamoja na Wakristo David Ford na Daniel Hardy, walianzisha mtindo wa watu wa dini tofauti kusoma maandiko pamoja bila kulazimishana kukubaliana, na Waislamu wakajiunga. Tumeazima hapo, tukaongeza sharti letu moja. Mtu asilete mazuri ya kwao tu. Alete pia lile andiko ambalo angependa mgeni asiliulizie.

Andiko lililotufungua macho, hata hivyo, lilikuwa miongoni mwa yale mazuri. Kila mtu analijua kwa ufupi wake: anayeua nafsi moja ni kama ameua watu wote, na anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Waislamu hulinukuu kutoka Sura al-Maida, aya ya 32. Wayahudi hulinukuu kutoka Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, kitabu cha Sanhedrini, sura ya 4. Kwenye vikao vya picha, andiko hili halikosekani.

Siku tulipolisoma tuliamua kuanza juu kidogo na kuishia chini kidogo kuliko kawaida. Mishna ile haizungumzii amani kwa jumla. Inazungumzia mahakama. Shahidi katika kesi ya kifo anaonywa kabla hajafungua kinywa: ukimtoa mtu roho kwa ushahidi wa uongo, damu yake na ya vizazi ambavyo vingetoka kwake vitakuwa juu yako. Ushahidi wake ni kisa cha Kaini na Abeli, kwa sababu katika kitabu cha Mwanzo damu ya Abeli imetajwa kwa wingi, damu yake na ya wasiozaliwa. Kisha Mishna inasema mwanadamu aliumbwa mmoja ili mtu asimwambie mwenzake, baba yangu ni mkubwa kuliko baba yako.

Rabi akasimamisha kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa ustadhi nina jambo la kukuonyesha kabla hujaliona mwenyewe." Katika chapa nyingi zilizoenea za Mishna, imeandikwa kwamba anayeangamiza nafsi moja katika Israeli ni kama ameangamiza ulimwengu mzima. Katika miswada bora ya kale, nyongeza hiyo ya "katika Israeli" haimo. Hoja yenyewe inaikataa, maana dalili yake ni Adamu, na Adamu hakuwa wa taifa lolote. Yeye anaamini nyongeza iliingia baadaye, labda watu walipokuwa wamebanwa na kila aliyewazunguka akawa tishio. Lakini alisema pia kwamba kizazi baada ya kizazi wamesoma ile yenye nyongeza, na wako walioipenda.

Ikawa zamu yangu. Aya ya 32 inakuja mara tu baada ya kisa cha wana wawili wa Adamu, kama ilivyo kwenye Mishna, na yenyewe inasema wazi kwamba hukumu hiyo waliandikiwa Wana wa Israili. Tena ina masharti ambayo kwenye mabango hukatwa: anayeua nafsi pasipo nafsi hiyo kuua, au pasipo kufanya ufisadi katika nchi. Na aya ya 33, ambayo hakuna anayeibandika ukutani, inataja adhabu za wanaopigana na Mwenyezi Mungu na Mtume wake na kueneza ufisadi: kuuawa, kusulubiwa, kukatwa mikono na miguu kwa kutofautisha, au kuhamishwa nchi. Mafakihi wameijadili kwa kina, nani hasa anaingia humo na nani haingii. Lakini kuna watawala waliolinyoosha neno ufisadi mpaka likamfikia kila aliyewapinga, na hilo nililisema mbele ya duara.

Halafu nikaleta kauli ya Hasan al-Basri iliyopokewa katika tafsiri ya Tabari. Aliulizwa kama hukumu hii ni yetu pia kama ilivyokuwa ya Wana wa Israili. Akaapa kwamba ndiyo, kwani Mwenyezi Mungu hakuifanya damu yao kuwa na heshima kuliko damu yetu. Rabi alilisoma jibu hilo mara mbili. Upande mmoja kuna mkono uliopunguza upana wa andiko, upande wa pili kuna mwanazuoni anayeapa ili lisipunguzwe. Nilitaka kufurahia hapo, lakini dada mmoja wa Kiislamu katika duara alinikumbusha kwamba Hasan aliulizwa kuhusu sisi tu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mtu wa tatu, asiyekuwa wa kwao wala wa kwetu. Tulikaa na swali hilo mpaka muda ukaisha.

Aya hiyohiyo ndiyo iliyonionyesha ugonjwa ambao nimeukuta kila mahali tangu hapo. Mwaka 1833 Abraham Geiger, rabi kijana wa Ujerumani, alichapisha kitabu kilichouliza Muhammad alichukua nini kutoka Uyahudi, na aya hii ni moja ya ushahidi wake. Geiger alikuwa na heshima kwa Mtume kuliko wengi wa Ulaya wa zama zake, hakumwita mlaghai. Hata hivyo swali lenyewe limeshaamua jibu: kuna mwenye mali na kuna mwazimaji. Nilipolisoma kwa mara ya kwanza damu ilinichemka. Kuna wasomi wa Kiyahudi mpaka leo wanaolipenda swali hilo, lakini ukiwauliza Saadia Gaon alichukua nini kwa Mu'tazila, wanazuoni wa Kiislamu walioijenga itikadi kwa hoja za akili, uso unabadilika. Saadia, aliyefariki 942, aliongoza chuo kikuu cha Talmudi cha Sura kilichokuwa Baghdad, na kitabu chake cha itikadi alikiandika kwa Kiarabu, kwa mpangilio na hoja za wanazuoni wa ilmu ya kalam, yaani elimu ya kuitetea itikadi kwa hoja. Umoja wa Mungu kwanza, uadilifu wake baadaye. Mwanafunzi yeyote wa Mu'tazila angejiona yuko nyumbani.

Na sisi je? Sisi tunaupenda uhakiki wa historia madamu unaelekezwa kwenye Taurati. Ibn Hazm wa Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, aliyefariki 1064, aliichambua Taurati hesabu kwa hesabu na jina kwa jina, akionyesha palipogongana, akamtuhumu Ezra kwamba ndiye aliyeiharibu. Karne sita baadaye, 1670, Spinoza, Myahudi aliyekwisha kutengwa na jamii yake ya Amsterdam, akatoa rai kwamba aliyevikusanya vitabu hivyo huenda ni Ezra huyohuyo. Mahubiri yetu huwanukuu wasomi wa Ulaya waliofuata njia hiyo kwa furaha: tazameni, hata wao wanakiri! Lakini uhakiki huohuo ukigeukia hadithi, tunaita vita dhidi ya Uislamu. Ignaz Goldziher, Myahudi wa Hungaria, alikaa al-Azhar akiwa mwanafunzi mnamo 1873 na 1874, akaipenda elimu ya Kiislamu kiasi cha kuingia safu ya sala ya Ijumaa mjini Cairo. Mtu huyohuyo, katika kitabu alichokitoa 1889 na 1890, alidai kwamba sehemu kubwa ya hadithi ni kioo cha mabishano ya karne zilizofuata, si maneno ya Mtume mwenyewe.

Jibu la kielimu lipo. Muhammad Mustafa al-Azami alifanya kazi kubwa Cambridge katika miaka ya 1960 kuonyesha kwamba uandishi wa hadithi ulianza mapema kuliko walivyodhani kina Goldziher na Joseph Schacht, msomi wa Ulaya aliyeifuata njia yake. Hilo ni jibu la mtu anayekubali kupimwa. Kulialia si jibu.

Siku tuliyolizungumza hili, rabi alitoa Kumbukumbu la Torati 25: usiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Nami sikuhitaji kufungua kitabu. Sura al-Mutaffifin imeanza kwa kuwaapiza wanaopunja, ambao wakijipimia kwa watu hutaka kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tangu siku hiyo imekuwa kanuni ya meza. Ukileta hoja juu ya kitabu cha mwenzako, ulizwe: je, hoja hiyohiyo unaikubali juu ya chako? Kama huikubali, eleza kwa nini, na maelezo yawe ya kielimu. Nimeona watu wenye shahada kubwa wakikaa kimya mbele ya swali hilo.

Kanuni hiyo iliwahi kumgeukia rabi kwa ukali. Musa bin Maimun, aliyefariki 1204, fakihi na mwanafalsafa mkubwa wa Wayahudi, aliulizwa kama inafaa kuwafundisha wasio Wayahudi amri za Taurati. Akaruhusu kwa Wakristo, akazuia kwa Waislamu. Si kwa sababu Waislamu ni washirikina. Yeye mwenyewe aliandika wazi kwamba Waislamu wanampwekesha Mungu upwekeshaji usio na dosari. Alizuia kwa sababu Wakristo wanaikubali matini ya Taurati kama ilivyo, wakabishania maana tu, ilhali Waislamu wanasema matini imebadilishwa, kwa hiyo hakuna msingi wa kujadiliana. Rabi alilileta andiko hili mwenyewe, akalisoma, akaniambia, "Kwa fatwa hii, ustadhi, mimi nimekuwa nikivunja sheria kila tunapokutana."

Nikamwuliza kwa nini basi anakuja. Akasema Ibn Maimun alijibu kuhusu watu wa zama zake na hofu za zama zake, na kwamba tuhuma ya kubadilishwa kwa maandiko haina sura moja hata miongoni mwetu. Hapo alikuwa na haki. Wako wanazuoni wa Kiislamu waliosema yaliyobadilishwa ni maneno yenyewe, na wako waliosema ni tafsiri ndiyo iliyopotoshwa, matini ikabaki. Nilipomwonyesha rai hiyo ya pili katika vitabu vyetu, alinyamaza kwa muda, akaandika pembeni ya karatasi yake.

Mimi nililipa kwa al-Maida aya ya 51, inayokataza kuwafanya Wayahudi na Wakristo kuwa wandani na walinzi. Nikaisoma yote, nikasoma waliyoyasema wafasiri kuhusu mazingira ya vita na ahadi zilizovunjwa. Rabi akauliza jambo moja tu: aya ya 5 ya sura hiyohiyo inahalalisha kuoa mwanamke wa Ahlul-Kitabu, yaani Myahudi au Mkristo. "Mkeo si mwandani wako?" Swali hilo nimelipeleka kwa mashehe kadhaa. Majibu mazuri niliyoyapata yote yanarudi kwenye kwamba katazo linahusu utii wa kisiasa wakati wa uhasama, na mimi ndiyo rai ninayoifuata. Lakini nakiri, mimbari nyingi zinaisoma aya ya 51 bila kuigusa ya 5.

Kuna simulizi mbili za kihistoria ambazo meza yetu imezikataa. Ya kwanza inasema Andalusi ilikuwa pepo ya maelewano mpaka Wazungu walipoiharibu. Ya pili inasema Myahudi chini ya Uislamu hakuwahi kupumua. Mwenye kusoma atakuta vyote viwili na zaidi. Ibn Maimun alizaliwa Cordoba, familia yake ikalazimika kuhama baada ya Muwahhidun, watawala Waislamu kutoka Maghribi, kuiteka na kubana wasio Waislamu. Na katika waraka wake kwa Wayahudi wa Yemeni, waliokuwa wakilazimishwa kusilimu, alimtaja Mtume wetu kwa maneno ambayo Mwislamu hawezi kuyasoma bila kuumia. Nimeyasoma na nimeumia. Mtu huyohuyo alimwandikia mfasiri wake, Samuel ibn Tibbon, kwamba katika mantiki asome al-Farabi, mwanafalsafa Mwislamu, na wala asihangaike na mwingine. Sharhe ya Ibn Rushd, mwanafalsafa mwingine wa Kiislamu, juu ya Jamhuri ya Plato imepotea kwa Kiarabu. Tunayo leo kwa sababu Wayahudi waliitafsiri kwa Kiebrania wakaitunza. Na mwana wa Ibn Maimun, Abraham, kiongozi wa Wayahudi wa Misri mpaka kufa kwake 1237, aliandika kwamba masufi wameshika mwenendo wa manabii wa Israeli ambao Wayahudi wenyewe wameuacha, akarudisha kusujudu katika sala ya sinagogi. Wapinzani wake, Wayahudi wenzake, walimshtaki kwa sultani kwamba analeta uzushi. Fikiri: Wayahudi wanamwomba mtawala Mwislamu amzuie rabi wao asisali kama Waislamu.

Ninayempenda kuliko wote ni Ibn Kammuna, Myahudi wa Baghdad. Mnamo 1280 aliandika kitabu cha kuchunguza mila tatu, Uyahudi, Ukristo na Uislamu, akaeleza hoja za kila upande na pingamizi zake kwa utulivu ambao hata leo ni nadra. Miaka minne baadaye umati ukakusanyika kutaka auawe. Alitolewa mjini amefichwa ndani ya sanduku, akapelekwa Hilla alikokuwa mwanawe, akafia huko. Kitabu kilinusurika, na wanazuoni wa Kiislamu walikijibu kwa vitabu. Kwa hiyo zipo njia mbili za kumjibu Ibn Kammuna, zote zetu, na kila kizazi kinachagua.

Oktoba 7, 2023 ilikuja, wapiganaji wa Hamas wakaua watu takriban 1,200 Israeli na kuchukua mateka, kisha vita vya Gaza vikaua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Duara letu lilisimama. Wako kati yetu waliokuwa na jamaa huko, pande zote mbili. Wako ambao hawakurudi, na siwalaumu. Niliambiwa na Waislamu wenzangu kwamba kukaa na Wayahudi kusoma wakati huu ni kuhalalisha dhuluma. Rabi aliambiwa na wa kwao kwamba anawapa maadui pazia la heshima. Hoja hiyo ya kwanza naichukulia kwa uzito. Yako mazungumzo yanayofadhiliwa ili watu wasizungumzie ardhi, kuzingirwa na mauaji. Kama sharti la kukaa mezani ni kunyamazia Palestina, mimi siketi.

Tuliporudi hatukuwa na sharti hilo, wala sharti la kumtaka mtu alaani kwanza ndipo aruhusiwe kuketi. Tulikubaliana kusoma maandiko yanayobebwa na watu vitani. Rabi alileta amri ya kumfuta Amaleki, katika Kumbukumbu la Torati 25, kwa sababu waziri mkuu wa Israeli aliwaambia watu wake mwezi huohuo wa Oktoba wakumbuke walichotendwa na Amaleki. Mimi nilileta hadithi ya mti na jiwe, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi wa Muslim, na katika ule wa Bukhari kwa kutaja jiwe tu, kwamba mwisho wa zama Waislamu watapigana na Wayahudi mpaka jiwe na mti viseme yuko Myahudi nyuma yangu. Hadithi hiyo imo katika hati ya Hamas ya 1988.

Kilikuwa kikao kizito kuliko vyote. Rabi alionyesha kwamba hata Ibn Maimun, anayeihesabu amri ya Amaleki kuwa amri kamili, anawajibisha kwanza kumtolea mwito wa amani, na kwamba Mishna imeshasema mataifa ya kale yalichanganyika hata hajulikani nani ni nani. Mimi nilieleza kwamba hadithi ile ni habari ya mambo ya Dajjali na mwisho wa zama, si amri ya kutekelezwa na mtu leo. Mwanamke mmoja wa Kiyahudi akanitazama, akasema, "Shehe, kama ni habari na si amri, mbona sijawahi kusikia mkilisema hilo kwa sauti ya juu kama mnayoisomea hadithi yenyewe?" Na dada wa Kiislamu akamgeukia rabi: huo mwito wa amani wa Ibn Maimun, nani ameusoma kwenye redio wakati wa mabomu? Sote wawili tulikuwa na dalili nzuri. Dalili hizo zilikuwa zimekaa ndani ya vitabu, na waliokuwa wakizihitaji walikuwa nje. Tangu hapo nimeieleza hadithi hiyo hadharani, kwa Waislamu, pasipokuwa na Myahudi hata mmoja wa kunisikia. Wako walioinuka wakatoka.

Siku hizi meza imehamia kwenye jambo ambalo wanawake wa duara wamelileta, na naona ndiko elimu hizi zinakohojiana kwa manufaa zaidi. Mmoja wao, Myahudi, ni wakili anayewasaidia wanawake walioachika mahakamani lakini waume zao wamekataa kuwapa geti, hati ya talaka ya dini. Bila hati hiyo mwanamke amefungwa. Akiolewa, sheria ya dini inamhesabu mzinifu. Dada wa Kiislamu anawaona wa kwetu hali ileile: talaka ya serikali imetoka, mume anashikilia talaka ya sharia mpaka arudishiwe mahari na zaidi ya mahari. Kwetu kadhi anaweza kuvunja ndoa kwa faskhi, yaani kwa hukumu yake. Lakini pasipo na kadhi mwenye mamlaka, mwanamke anazunguka.

Tukasoma Ibn Maimun juu ya mume anayestahili kutoa geti akakataa: mahakama impige mpaka aseme nataka, na geti hiyo ni sahihi, kwa sababu ndani ya nafsi yake anataka kuwa Myahudi mwema, na kipigo kimeifukuza tu tamaa mbaya iliyomteka. Mimi nikaleta mambo ya kwetu. Imamu Malik alichapwa mijeledi kwa kushikilia kwamba talaka ya aliyelazimishwa haipiti. Shafi yuko upande huo. Wahanafi, madhehebu nyingine ya fiqhi, wanasema inapita. Wakili akacheka kwa mshangao, akauliza kama anaweza kuazima Wahanafi. Dada wa Kiislamu akamjibu kwamba rai hiyohiyo ndiyo imempa jabari wa zamani njia ya kumtenganisha mtu na mkewe kwa upanga. Malik alichapwa kwa sababu rai yake iligusa viapo vya utii walivyolazimishwa watu. Kanuni inayomfungua mwanamke huyu ilimtesa mwingine. Nilikuwa nimeisoma fiqhi hiyo ujanani bila kuiona hivyo.

Wawili hao sasa wanaandika masharti ya kuingizwa katika mkataba wa ndoa, toleo kwa kila dini. Kwa Wayahudi kuna mfano unaotumika na baadhi ya mahakama za marabi Marekani: mume anajifunga kumlipa mke matunzo ya kila siku maadamu hawaishi pamoja na bado hajampa geti. Kwetu wameegemea Wahanbali, madhehebu nyingine tena, wanaoyapa nguvu masharti ya mke kuliko sisi Mashafi, na hadithi ya Bukhari isemayo kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa. Rabi anahofia kwamba malipo yakizidi, geti itakuwa ya kulazimishwa na haitafaa kitu. Mimi nina hofu hiyohiyo kwa upande wetu, kwani wanazuoni wa Shafi wamejadili tishio la mali katika milango ya kulazimisha. Nimeipeleka rasimu kwa mashehe wawili. Mmoja ameikubali. Wa pili ameirudisha na kurasa za pingamizi, akauliza kwa nini fiqhi yetu itengenezwe mezani kwa Mayahudi. Nimemjibu kwamba pingamizi zake tatu za kwanza ni za kielimu na zitajibiwa moja moja, na hiyo ya nne nimemwomba aipime kwa kipimo atakachokubali kupimiwa yeye.